Robo Saa kwa Ndege

Ndege waliisikia, hawakuiona. Ilipita juu ya kiwanja cha Njombe, ikazunguka, ikapita tena chini zaidi, na wote waliosimama kando ya gari la usharika wakainua vichwa kana kwamba kuangalia sana kungeupasua ukungu uliokuwa umetanda. Kisha mlio ukaanza kupungua kuelekea kaskazini, mpaka ukabaki wa bodaboda za barabarani tu.

"Anageuza," alisema Justine. "Atarudi."

Dada yake, Margareth, alikuwa ameegemea mlango wa nyuma wa gari, mkono mmoja umeingia ndani na kushika mguu wa mama yao juu ya blanketi. Alikuwa amesimama hivyo tangu walipofika kiwanjani. Akiutoa mkono, mama alifungua macho na kuuliza kama wamemwacha.

Mama yao, Esnath, alikuwa amelala kwenye godoro ndani ya Landkruza ya usharika, viti vya nyuma vikiwa vimekunjwa. Alivunjika nyonga wiki kadhaa kabla ya hapo. Aliteleza uani kwake, mtaa wa Ramadhani, akienda kumwaga maji ya vyombo ambayo hakuna aliyemtuma kuyamwaga. Hospitalini walimwambia Margareth bila kuzunguka: mfupa unahitaji kuwekewa chuma, lakini moyo wa bibi huyu ni dhaifu, hawawezi kumpa dawa ya usingizi. Justine, mdogo wake Margareth wa kiume anayeishi Dar es Salaam, alihangaika huko mpaka akampata bingwa aliyekubali kujaribu. Ikabaki safari. Kwa barabara ilikuwa siku nzima na zaidi, na daktari alisema kwa nyonga ile na moyo ule, hapana.

Ndipo ikapatikana ndege. Shirika moja la misaada lilikuwa limepeleka madaktari wa macho Songea, na ndege yao ndogo ilikuwa inarudi Dar tupu. Mfanyakazi mwenzake Justine alimjua rubani. Rubani akakubali kutua Njombe amchukue mgonjwa. Viti viliondolewa kupisha machela, kikabaki kimoja cha msindikizaji, na msindikizaji alikuwa Margareth. Hakuna aliyemuuliza. Ilionekana wazi tu, kama ilivyoonekana wazi miaka miwili nyuma, moyo wa mama ulipoanza kusumbua, kwamba yeye ndiye angefunga kibanda chake cha cherehani na kuhamia kwa mama. Justine alikuja kwa basi kusaidia kumpakia mgonjwa, na angerudi Dar kwa basi hilohilo.

Simu ya Justine ikalia. Alisikiliza akiwa amejiziba sikio moja, akasema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa kaka, kisha akaja nyuma ya gari.

"Ametua Makambako. Nje ya mji kuna kiwanja cha majani cha shamba moja, na huko hakuna ukungu. Anasema tumfuate. Atatusubiri, ila hawezi kukaa sana, lazima afike Dar kabla ya giza."

"Tumfuate na mama?"

"Sasa tumfuate na nani, Dada? Siyo mbali." Aligusagusa kioo cha simu, akamsogezea usoni. Ilikuwa ramani, na juu yake mstari mwembamba wa buluu ulionyooka kutoka Njombe hadi Makambako. "Umeona? Kilomita hamsini na kitu. Kwa ndege ni robo saa."

Margareth aliutazama ule mstari. Haukuwa na kona hata moja, wala kilima.

"Kwa ndege," alisema. "Sisi hatuna ndege ya kutupeleka kwenye ndege."

Mwinjilisti Sadock, aliyeendesha gari la usharika siku ambazo hakuwa na ibada ya mazishi, aligeuka upande ili wasimwone anatabasamu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye koti la sufu lililochakaa viwiko. Alikwenda mbele, akawasha gari, akaliacha lipate moto.

"Nitakwenda taratibu, Mama Esnath," alisema akimtazama kwenye kioo cha dereva. "Ukiumia niambie."

"Nikikuambia utafanya nini?" aliuliza mama.

"Nitasimama."

"Kusimama nako kunauma," mama alisema, akafumba macho.

Barabara ya kwenda Makambako ni lami tupu, na mtu mzima wa afya anaweza kusinzia njia nzima. Margareth alikuwa ameipita mara nyingi kwenda kununua vitambaa, wala hakuwahi kuihesabu kuwa barabara mbaya. Siku hiyo aliijua upya. Alikaa sakafuni upande wa kichwa cha mama, mgongo kwenye bati la gari, akaona kwamba kila kijiji kimejiwekea matuta yake, tena si tuta moja, ni matuta madogomadogo yanayofuatana. Sadock alipunguza mwendo mpaka gari likawa kama linatambaa. Hata hivyo, gurudumu la mbele lilipanda, mama akabana pumzi. La nyuma likapanda, mama akaachia sauti. Akiumia kidogo alilalamika kwa Kiswahili. Akiumia sana alirudi kwenye Kibena, lugha yake ya kwanza, na Kibena hicho hakikuwa cha kumwambia mtu kitu, kilikuwa cha kuomba.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Tumepita pale Kibena, mama."

"Bado Kibena?"

"Tumepita."

"Mbona nasikia baridi ya chai?"

Ni kweli, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya chai, na unyevu wake uliingia hadi ndani ya gari. Margareth alivua sweta lake, akaliweka juu ya kifua cha mama. Yeye mwenyewe hakuhisi baridi. Siku nyingi sasa hakuhisi vitu vingi. Aliamka usiku kumgeuza mama asipate vidonda vya mgongoni, akaamka tena kumpa dawa, akaamka tena kwa sababu alizoea kuamka, na mchana alitembea akiwa na masikio yaliyoziba kama mtu aliyetoka kuogelea. Majirani walimwambia Mungu atamlipa. Alikuwa akisema amina. Kichwani alikuwa akifikiria kitanda.

Mbele, Justine alikuwa akiongea na simu. Kila baada ya muda aligeuka nyuma.

"Rubani anauliza tuko wapi."

"Mwambie tuko njiani," alisema Margareth.

"Nimemwambia. Anauliza njiani wapi."

Karibu na Mtwango mama alisema kwa sauti ndogo kwamba amejilowesha. Sadock akaegesha kando, chini ya misonobari. Margareth alitoa pampasi mpya na beseni dogo na chupa ya maji ya uvuguvugu aliyoiandaa alfajiri, kwa sababu alijua. Milango ya nyuma ikafunguliwa. Malori yalikuwa yakipita karibu sana, upepo wake ukitikisa gari. Margareth alimtazama mdogo wake.

"Nishikie kitenge huku, watu wasione."

Justine alitazama kitenge, akatazama simu. "Netiweki hapa ni mbovu," alisema. "Ngoja nisogee pale juu nimpigie."

Akaenda. Alipanda ukingo wa barabara kwa haraka, viatu vyake vizuri vikiteleza kwenye majani makavu ya misonobari, akasimama huko juu, mgongo umewaelekea, mkono umeinua simu hewani.

Sadock ndiye aliyechukua kitenge. Alikitandaza kwa mikono yote miwili kama pazia, akageuza uso wake kuelekea msituni na kuanza kuimba wimbo wa ibada kwa chini, ili mama ajue kwamba hasikilizi. Margareth alifanya kazi yake. Aliupitisha mkono wa kushoto chini ya goti, wa kulia chini ya mgongo, akahesabu taratibu, akageuza. Mama alimng'ata gauni begani ili asipige kelele. Margareth alisubiri kuhisi hasira juu ya Justine, lakini haikuja. Ilikuwa kama kusubiri maji kwenye bomba lililokatwa.

Waliondoka hapo, wakaenda kidogo tu, magari yakawa yamesimama. Foleni ilianzia kwenye kona na kuendelea hadi isipoonekana. Sadock alishuka, akatembea kwenda mbele, akarudi akipangusa jasho licha ya baridi ile.

"Lori la magogo limelala katikati ya barabara. Dereva mzima, Mungu ni mwema. Lakini magogo yamesambaa kote. Wanangoja mashine ya kuyanyanyua itoke Makambako."

"Itafika saa ngapi?" aliuliza Justine.

"Imeshatoka, wanasema."

"Tukipita pembeni?"

"Pembeni kuna korongo, ndugu yangu."

Wakakaa. Kwa namna ile ambayo huwa haijulikani wanatokea wapi, akina mama wenye mabeseni ya parachichi na mahindi ya kuchemsha wakatokea na kupita gari baada ya gari. Abiria wa mabasi walishuka na kujinyoosha. Ukungu ulianza kupanda, kwanza ukaonekana mti, halafu mti nyuma ya mti, halafu mlima mzima, na jua dogo jeupe likatoka. Justine alitembea kwenda mbele, akarudi, akatembea tena. Simu yake haikushika. Margareth alimlisha mama vipande vya parachichi kwa kidole. Kichwa chake mwenyewe kiliegemea bati, na kwa kitambo kidogo akalala macho wazi, mkono bado mdomoni mwa mama.

Mlio ndio uliomwamsha. Ulitoka upande wa Makambako, ukakua haraka, na safari hii waliiona: ndege nyeupe ndogo, chini sana, mabawa yake yakitikisika kwenye upepo, ikipita juu ya foleni, juu ya lori la magogo, juu ya Landkruza ya usharika, ikielekea Njombe. Watoto wa barabarani waliipungia. Justine alikimbia nyuma yake hatua chache na mikono juu, akipiga kelele, "Oya! Oya! Sisi hapa!" kama mtu aliyeachwa na basi. Kisha akasimama katikati ya barabara, mikono bado juu, na ndege ikawa kitone, ikaisha.

Baadaye kidogo upepo ulibadilika au Mungu alipenda, simu ikashika, na ujumbe ukaingia mmoja baada ya mwingine. Rubani alikuwa amepiga, hakuwapata. Upepo wa Makambako ulikuwa umeanza kupiga kile kiwanja ubavuni na ungekuwa mbaya zaidi mchana. Amesikia Njombe pamefunguka. Anahamia Njombe. Wamrudie huko.

Justine aliusoma ujumbe kwa sauti, mara mbili.

"Kwa hiyo sasa hivi ameshafika," alisema. "Robo saa. Ameshafika, na sisi—"

"Na sisi tunageuza," alisema Sadock. Alikuwa ameshaingia kwenye usukani. "Nyuma kweupe. Tutafika."

Hapo Margareth akashuka garini.

Hakupanga. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, akashika mlango kwanza, halafu akavuka hadi kwenye ukingo wa barabara, akakaa kwenye majani. Alikunja mikono juu ya magoti na kuweka kichwa juu yake.

"Dada," Justine alisema. "Panda twende."

"Nendeni."

"Unasema nini? Panda, hatuna muda."

"Nendeni, Justine. Mimi siendi."

Justine aliangalia huku na huku kana kwamba kati ya wale watu wa foleni kuna mmoja angemweleza. Alichuchumaa mbele yake. "Unaumwa?"

"Nimechoka."

"Wote tumechoka, Dada. Mimi nimekesha kwenye basi."

Margareth aliinua kichwa. Hakupaza sauti, hakuwa na sauti ya kupaza. "Wewe umekesha kwenye basi usiku mmoja. Sikukatalii, umechoka. Mimi nimefika mahali ambapo nikisikia mama anakohoa natamani nisisikie. Unanielewa? Jana nilikuwa jikoni, ameniita, nikasimama palepale. Nimesimama na sufuria mkononi, naisikia sauti yake, na nikawa nahesabu ataita mara ngapi. Mama yangu." Alipangusa pua kwa kiganja. "Mkinipeleka Dar nitakaa naye hospitali, nitalala chini ya kitanda chake, na siku moja nitamtamkia neno ambalo sitaweza kulirudisha. Sitaki nifike huko. Nenda wewe. Kiti ni kimoja, kaa wewe."

"Mimi?" Justine alicheka kidogo, kicheko cha hofu. "Dada, mimi sijui kumgeuza. Sijui hata dawa zake."

"Utajua."

"Halafu mimi ni mwanamume. Yeye ni mama yangu. Vile vitu vya... kumwosha. Hataki. Ataona aibu."

"Nani ataona aibu?"

Swali lilitoka garini. Milango ya nyuma ilikuwa wazi, na mama alikuwa akiwatazama kutoka kwenye godoro, kichwa kimeinuka kidogo, mshipa wa shingo umesimama kwa ile kazi ya kukiinua. Sadock alizima gari.

"Justine, njoo hapa."

Akaenda, akasimama mlangoni.

"Nilikuogesha mpaka ulipoanza kujificha mwenyewe," mama alisema. "Siku ulipougua surua, nilikubeba mgongoni kutoka shambani, ukanitapikia shingoni njia nzima. Niliona aibu? Mimi aibu yangu imeisha, mwanangu. Imeishia hospitalini, mbele ya vijana wanaosomea udaktari. Iliyobaki ni ya kwako. Sasa usimbebeshe dada yako."

Akakiachia kichwa kikaanguka kwenye mto. "Mage," aliita, bila kumtazama. "Haya, panda mnifikishe Njombe. Hapa kuna upepo."

Margareth akapanda.

Njiani kurudi, Justine alikuwa amekaa nyuma sasa, upande wa pili wa godoro, magoti yake yamekunjwa hadi kidevuni kwa kukosa nafasi. Kila walipokaribia tuta, Margareth aliingiza mkono chini ya nyonga ya mama kuipunguzia mshtuko. Baada ya vijiji kadhaa, bila kuambiwa, Justine akaingiza wa kwake upande wa pili. Alikosea mahali, mama akapiga ukelele. Margareth akamshika Justine kifundo cha mkono, akausogeza chini kidogo, akauacha hapo.

Njombe walikuta jua kali na anga safi, kama vile asubuhi ilikuwa uongo. Ndege ilikuwa imesimama kiwanjani, ndogo kuliko walivyoifikiria. Rubani, jina lake Hosea, alikuwa amekaa kivulini chini ya bawa, anakunywa chai ya mlinzi kwenye kikombe cha plastiki. Alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu, shati limetoka kwenye suruali. Alisimama haraka alipowaona.

"Samahani sana, mama," alimwambia mgonjwa kabla ya kumsalimia mtu mwingine. "Nimewazungusha. Nimepiga simu mpaka nimechoka."

"Umetupita juu," mama alisema. "Nimekusikia."

"Ndiyo, mama. Nimeona foleni, nikajua mko humo. Sikuwa na pa kutua." Alitazama saa, akatazama anga upande wa mashariki. "Tukiondoka sasa tutafika vizuri. Nani anasindikiza?"

Justine aliweka simu mfukoni.

"Mimi," alisema Justine.

Hosea alikubali kuwapa muda kidogo, akaenda kuzunguka ndege yake na kuigusagusa. Margareth akamfundisha mdogo wake pale pale, machela, mama akiwa juu yake, ikiwa imewekwa chini kwenye majani. Hakuwa na la kupamba. Dawa hii ya moyo asubuhi baada ya kula, hii jioni, hii akivimba miguu tu, na usimpe dawa ili anyamaze, mpe saa yake ikifika. Maji anakataa, mwambie ni ya kwako, kunywa kidogo mbele yake, atadai. Mkono wa kushoto hapa, wa kulia hapa. Usimvute, mgeuze kwa uzito wako mwenyewe. Akianza kuomba kwa Kibena, acha, umeshamuumiza, subiri apumue.

"Fanya wewe sasa," alisema.

Justine alipiga magoti. Suruali yake ilipata matope. Alimgeuza mama polepole mno, akiwa ametoa ulimi nje kidogo kama alivyokuwa akifanya utotoni akiandika, na mama alivumilia, akavumilia, mwisho akasema, "Haya, na unirudishe basi, au unataka nilale kifudifudi mpaka Dar?" Margareth akafikiri ni kilio kinamjia, kumbe kilikuwa kicheko. Kilimuumiza mbavu.

Walimwinua watu wanne: Hosea, Sadock, Justine na mlinzi. Alipokuwa ameshafungwa mikanda, Margareth aliingiza kichwa ndani. Palinuka mafuta na plastiki. Alikuwa ametayarisha maneno, lakini mama alimtangulia.

"Nenda ukalale."

"Nikimaliza kufua yale mashuka ni—"

"Mage. Nenda ukalale, mwanangu."

Ndege ilikimbia kwenye kiwanja, ikanyanyuka mapema kuliko alivyotegemea, ikapinda kuelekea mashariki. Sadock alikuwa akiomba kwa sauti, mkono juu. Margareth alisema amina mahali pake. Mwinjilisti akampeleka hadi mlangoni, Ramadhani, akamuuliza kama ana chakula. Alisema anacho. Hakukiangalia. Alikaa kwenye kitanda cha mama kuvua viatu, akavua kimoja.

Kilichomwamsha kilikuwa ngumi mlangoni. Jirani yake, Lightness, alikuwa nje na majirani wengine wawili nyuma yake, na mmoja wao ameshika nyundo.

"Tulijua umekufa!" Lightness alisema. "Tangu juzi hujafungua hata dirisha. Simu yako inaita humo ndani, inaita, inanyamaza."

"Juzi?" aliuliza Margareth. Alikuwa na alama ya mkunjo wa mto shavuni na kiatu kimoja mguuni.

Mama alifika salama. Upasuaji ulichelewa, kwa sababu moyo ulileta matatizo wiki ya kwanza, na kulikuwa na usiku ambao Justine alipiga simu akiwa hawezi kuongea, wakaiacha simu hewani. Lakini bingwa alifanya kazi yake, na mama akatoka. Hakupona akawa kama zamani. Madaktari hawakuahidi hilo. Alikuwa akitembea kwa kusukuma fremu ya chuma, kutoka kitandani hadi mlangoni, nyumbani kwa Justine, ambako alilalamikia joto, samaki, na kelele za majirani. Ilikubaliwa angekaa huko mpaka mvua ziishe.

Margareth alifungua tena kibanda cha cherehani. Uchovu haukutoka mara moja kama alivyodhani. Ulitoka kidogokidogo, na siku nyingine ulirudi bila sababu, akiwa amekaa tu anapinda upindo wa gauni la mtu. Usiku aliendelea kuamka saa zilezile, akasikiliza nyumba tupu, akajiona mkosaji kwa kufurahia ukimya, halafu akalala tena. Polepole mikono yake ilikumbuka mambo mengine. Alishona sare za kwaya ya usharika, na alipozipeleka, Mwinjilisti Sadock alimwambia ameanza kupata rangi usoni.

Justine alipiga karibu kila jioni. Mwanzoni ilikuwa maswali: anakataa uji, nifanyeje, kidonge cheupe kimeisha, kinaitwaje, mguu mmoja umevimba, mmoja haujavimba. Margareth alijibu. Baadaye maswali yalipungua, zikabaki habari. Jioni moja alipiga, ikasikika feni tu nyuma yake.

"Umelala?" Margareth alimuuliza.

"Hapana. Nimekaa chini hapa koridoni." Akavuta pumzi. "Dada, wewe ulifanyaje? Miaka miwili. Mimi hii miezi tu."

Margareth alifikiri. Alitaka kumpa jibu la kumsaidia, hata dogo, lakini kila alilolishika lilikuwa la mtu mwingine, maneno ya kanisani au ya majirani.

"Sijui," alisema. "Sijui kweli, Justine. Nilikuwa naamka tu."

"Basi," alisema Justine, na ilisikika kana kwamba jibu hilo limemtosha kuliko alivyotegemea.

Ndipo kwa mbali, ndani ya simu, Margareth akaisikia sauti ya mama, yenye haraka na madai, ikiita. Mwili wake ukanyanyuka kwenye kiti wenyewe. Lakini jina lililoitwa halikuwa la kwake.

"Subiri," alisema Justine, na mifupa ya magoti yake ikasikika ikilia alipoinuka. "Ananiita."

Hakukata simu. Margareth alikaa tena, akaiweka sikioni, akasikiliza nyayo za mdogo wake zikienda.